Abasia ya Saint-Denis: Mahujaji, Nuru na Ishara za Jengo la Kanisa

Kanisa kuu la Saint-Denis, lililoko katika mji wenye jina hilo hilo kaskazini mwa Paris, lina nafasi ya pekee katika historia ya ujenzi wa makanisa Katoliki. Sehemu yake ya mashariki, iliyotabarukiwa tarehe 11 Juni 1144 na ambayo mwaka 2044 itatimiza miaka 900, huhesabiwa na wanahistoria wengi kuwa chimbuko la mtindo wa Gothiki, yaani mtindo wa matao yaliyochongoka juu, dari za mawe zinazobebwa na mbavu, na kuta zilizopunguzwa ili madirisha ya vioo vya rangi yapate nafasi. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba Abate Suger, aliyeiongoza abasia hiyo kuanzia mwaka 1122 hadi alipofariki mwaka 1151, alisoma maandishi ya kale juu ya nuru ya Mungu, akayageuza kuwa jengo. Simulizi hiyo inavutia, na haikosi ukweli kabisa, lakini maandishi ya Suger mwenyewe yanaelekeza kwingine: kilichomsukuma kwanza kilikuwa msongamano wa mahujaji, na ishara nyingi zinazosifiwa leo zilizaliwa wakati mahitaji ya ibada yalipokuwa yakitafutiwa ufumbuzi wa mawe, mbao na kioo.

Mizizi ya mahali hapo ni kaburi. Mtakatifu Dionisio, anayetajwa kuwa askofu wa kwanza wa Paris, aliuawa kwa ajili ya imani takribani mwaka 250 pamoja na wenzake Rustiko na Eleuteri, na mapokeo yanasema kwamba baada ya kukatwa kichwa alikiinua kwa mikono yake akatembea nacho hadi mahali alipotaka kuzikwa. Katika karne ya 5 Mtakatifu Genovefa aliwahimiza Wakristo wa Paris kujenga kanisa juu ya kaburi hilo, na katika karne ya 7 Mfalme Dagobert I aliwamiminia walinzi wa kaburi hilo mali nyingi, naye akazikwa humo mwaka 639. Kutoka kwake ukatokea utaratibu ulioifanya abasia kuwa makaburi ya kifalme, ambamo wafalme zaidi ya 40 wa Ufaransa wamelazwa. Watunzaji wa kaburi walikuwa wamonaki, yaani watawa wa kiume waishio pamoja chini ya abate, nao walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile ambayo waamini wa Tanzania wanaifahamu kupitia abasia za Ndanda na Peramiho.

Kanisa walilolirithi wamonaki wa karne ya 12 lilikuwa limetabarukiwa mwaka 775 mbele ya Charlemagne, ingawa wao wenyewe waliamini kuwa ni la Dagobert. Kutabaruku ni tendo la askofu la kulitenga jengo kwa ajili ya Mungu kwa maji ya baraka, mafuta matakatifu na masalia, yaani mabaki ya miili ya watakatifu au vitu vyao. Kuhusu Saint-Denis kulikuwa na hadithi kwamba usiku wa kuamkia siku ya kutabarukiwa Kristo mwenyewe alishuka akiwa na mitume na malaika, akaitimiza ibada hiyo kwa mkono wake, na aliyeshuhudia ni mkoma aliyekuwa amelala ndani. Hadithi hiyo ilikuwa na matokeo ya kiutendaji, kwa sababu ukuta ulioguswa na Kristo hauwezi kubomolewa kama kibanda kilichochakaa. Suger alijikuta akisimamia jengo dogo, kuukuu na lenye nyufa, ambalo kila jiwe lake lilikuwa limepata hadhi ya masalia, na ndiyo maana alianza kujenga upande wa magharibi, akahamia mashariki, akauacha ukumbi wa kale katikati.

Urithi mwingine ulikuwa wa kiakili, na hapa ndipo ilipoingia hitilafu iliyodumu kwa karne nyingi. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamtaja Dionisio Mwareopago, Mwathene aliyeamini kwa mahubiri ya Mtakatifu Paulo. Takribani mwaka 500 mwandishi asiyejulikana, yaelekea wa Siria, alitunga kwa Kigiriki maandishi ya teolojia akitumia jina hilo, na humo akafundisha kwamba viumbe vyote ni mwangwi wa nuru moja isiyoonekana, na kwamba akili ya mwanadamu hupanda kuifikia kwa kupitia vitu vinavyoonekana. Mwaka 827 Kaisari wa Konstantinopoli alimtumia mfalme wa Wafaranki nakala ya maandishi hayo, ikawekwa Saint-Denis, na Abate Hilduin, aliyesimamia tafsiri yake ya Kilatini, akatunga maisha ya mtakatifu ambamo Mwathene, mwandishi na askofu wa Paris walikuwa mtu mmoja. Watu watatu waliotenganishwa na karne kadhaa wakawa mmoja. Mwaka 1121 mwanafalsafa Pierre Abélard, aliyekuwa mmonaki hapo, alionyesha kwamba mwanahistoria Beda alimhesabu Mwareopago kuwa askofu wa Korintho, jambo lililowaudhi wenzake kiasi kwamba alilazimika kutoroka; ni Suger, alipochukua madaraka mwaka uliofuata, aliyemruhusu kuishi kwingine.

Suger hakuwa mwanateolojia wa kiwango cha Abélard, wala hakujidai kuwa hivyo. Alizaliwa takribani mwaka 1081 katika familia isiyo na jina, akatolewa kwa abasia akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akapanda kwa bidii ya utawala: alikagua mashamba, alidai kodi zilizosahaulika, alimshauri Mfalme Louis VI na mwanawe Louis VII, na mfalme huyo alipokwenda katika Vita vya Msalaba kati ya mwaka 1147 na 1149, Suger ndiye aliyeshika usukani wa ufalme. Maandishi mawili aliyoyaacha kuhusu ujenzi, moja juu ya utawala wake na jingine juu ya kutabarukiwa kwa kanisa, ni ya mtu anayetaka mapato na matumizi yajulikane. Sababu anayoitanguliza ni adha ya siku za sikukuu. Katika kanisa la kale, anaeleza, umati ulisukumana hadi asiyeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma alibaki amesimama kama sanamu. Wanawake walikanyaga vichwa vya wanaume wakielekea altareni kana kwamba wanapita juu ya sakafu. Na wamonaki waliokuwa wakiwaonyesha watu masalia walizidiwa nguvu, wakachupia madirishani nayo ili kujinusuru. Bila shaka ametia chumvi, kwa kuwa alikuwa akiihalalisha gharama kubwa, lakini ukilinganisha maelezo hayo na ramani ya jengo jipya unaona kwamba kila sehemu aliyoibuni inajibu adha hiyo.

Upande wa magharibi, uliotabarukiwa tarehe 9 Juni 1140, ulipata milango mitatu mikubwa ili wanaoingia wasigongane na wanaotoka. Utatu huo umefasiriwa mara nyingi kuwa ishara ya Nafsi tatu za Mungu, tafsiri inayokubalika kwa urahisi, ingawa hata tao la ushindi la Kirumi laweza kuwa na nafasi tatu bila kumtaja Mungu. Kinachobeba mafundisho kwa uwazi zaidi ni mchongo ulio juu ya mlango wa kati, katika bapa la jiwe la nusu duara, ambapo Kristo ameketi akihukumu ulimwengu, mikono imenyooshwa juu ya msalaba, na pembezoni mwa mlango wamepangwa wale wanawali wa Injili ya Mathayo, wenye busara upande wa kuume wake na wapumbavu upande wa kushoto. Aingiaye hupita katikati yao, na hivyo kizingiti kinageuka kuwa mahali pa kuamua. Miguuni pa Kristo amechongwa mmonaki mdogo aliyepiga magoti, naye ni Suger mwenyewe. Milango yenyewe ilitengenezwa kwa shaba na kupakwa dhahabu, ikiwa na beti za Kilatini zilizomwonya mtazamaji asiishangae dhahabu bali kazi, na kwamba mng'ao wa vitu uiongoze akili kuelekea Nuru ya kweli ambayo Kristo ndiye mlango wake. Hapo mwangwi wa yule mwandishi wa Siria unasikika waziwazi. Hata hivyo, juu ya milango hiyo hiyo Suger aliweka ukingo wenye meno kama wa ngome, akasema kwa lugha isiyo na fumbo kwamba ulikuwa kwa ajili ya uzuri na, ikibidi, kwa ajili ya ulinzi. Kuhusu dirisha kubwa la duara lililo katikati ya ukuta huo, moja ya mababu wa madirisha yaitwayo waridi katika makanisa ya Gothiki, hakuacha maelezo yoyote ya maana, ingawa wafasiri wa baadaye hawakukosa la kusema.

Jiwe la msingi la upande wa mashariki liliwekwa tarehe 14 Julai 1140, na kazi ikachukua miaka mitatu na miezi mitatu tu. Upande huo una uzito wake katika ibada, kwa sababu tangu karne za mwanzo Wakristo walisali wakielekea mawio ya jua, waliyoyachukua kuwa ishara ya ufufuko na ya kurudi kwa Kristo, na patakatifu, yaani sehemu ya altare, palijengwa huko ili kusanyiko zima lielekee upande mmoja. Makanisa mengi ya hija yalikuwa tayari na njia iliyozunguka nyuma ya altare, ikiwa na vikanisa vidogo vilivyochomoza nje kama vyumba vya pembeni, lakini njia hiyo ilikuwa nyembamba na yenye giza, kwa kuwa uzito wa dari la mawe ulidai kuta nene. Msanifu wa Saint-Denis, ambaye Suger hamtaji jina, alitengeneza njia mbili sambamba, akaondoa kuta zilizotenganisha vikanisa, akavipa kila kimoja madirisha mawili marefu, na akaubeba uzito wote juu ya nguzo nyembamba. Tao lililochongoka ndilo lililoiwezesha hesabu hiyo: tao la nusu duara kimo chake hufungwa na upana wake, ilhali lililochongoka laweza kuinuliwa au kushushwa, na hivyo nafasi zisizolingana upana, kama zile za njia inayopinda, zikaezekwa kwa kimo kimoja. Mbavu za mawe zikateremsha uzito kwenye nguzo, na ukuta uliobaki kati ya nguzo na nguzo haukuwa na mzigo mkubwa wa kubeba, ukaachiwa kioo.

Sehemu yote hiyo ilijengwa juu ya kanisa la chini lililozunguka makaburi ya kale, kwa hiyo sakafu yake iliinuka, na masalia ya Dionisio na wenzake, yaliyofichwa kwa karne nyingi katika shimo la giza, yakapandishwa juu mahali ambapo umati ungeyaona kwa mbali na kuyazunguka bila kukanyagana. Aliyepanda ngazi kutoka ukumbi wa kale hadi kwenye mwanga wa vioo vya bluu na vyekundu alitoka gizani akaingia katika mng'ao, na kwa Mkristo wa karne ya 12 hakuhitajika mfasiri kumweleza kwamba hiyo ndiyo njia ya roho. Lakini njia yenyewe ilipimwa kwa miguu ya mahujaji kabla ya kupimwa kwa falsafa.

Namna Suger alivyozisoma ishara inaonekana vizuri katika jinsi anavyoitendea namba kumi na mbili. Alipohitaji mihimili mirefu ya paa, mafundi walimhakikishia kwamba miti ya kimo hicho haipatikani tena karibu. Akaondoka alfajiri na maseremala wake kwenda msitu wa Iveline, na kabla jioni haijafika ikapatikana miti kumi na miwili, idadi ile ile iliyohitajika, naye akaiona kuwa zawadi ya Mungu na ya wafiadini. Vivyo hivyo kuhusu nguzo za patakatifu: anasema zilikuwa kumi na mbili kwa idadi ya mitume, na nyingine kama hizo katika njia za pembeni kwa idadi ya manabii, akirejea mafundisho ya Waraka kwa Waefeso kwamba waamini wamejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, Kristo akiwa jiwe la pembeni. Ni vigumu kuamini kwamba namba ilichaguliwa kwanza na ramani ikafuata, kwa sababu idadi ya nguzo ilitegemea upana wa misingi ya kale iliyobaki chini. Inaelekea zaidi kwamba mpango wa jengo ulileta kumi na mbili, na abate, aliyeishi ndani ya Zaburi na nyaraka za Paulo mchana na usiku, akaitambua namba hiyo mara moja. Huku si kupachika maana juu ya kitu kilichokwisha kujengwa, kwani kwake Mungu aliyeongoza mkono wa mjenzi ndiye aliyeongoza kalamu ya mtume.

Madirisha yalikuwa na mpango uliokusudiwa tangu mwanzo, na humo mafundisho ni ya kina zaidi. Suger aliwaita mafundi kutoka nchi mbalimbali, akamteua mtu maalumu wa kuvitunza vioo. Dirisha moja lilionyesha mti wa Yese, ukoo wa Yesu ukichipuka kutoka ubavuni mwa baba wa Daudi. Jingine lilionyesha utoto wa Kristo, na katika kipande cha Malaika Gabrieli kumpasha Maria habari, abate amejilaza kifudifudi miguuni pa Bikira, jina lake likiwa limeandikwa. Lenye fikra nzito kuliko yote ni lile ambalo manabii wanabeba magunia ya nafaka kwenda kinuni na Paulo anasaga, pumba zinatengana na unga, fundisho likiwa kwamba Agano la Kale ndilo punje na Injili inaitoa humo lishe iliyokuwemo siku zote. Picha hiyo haikuwa ya msomaji wa haraka. Ilihitaji mmonaki wa kuifafanua, na Suger alikubali kwamba baadhi ya kazi zake zingeeleweka kwa wenye elimu peke yao. Dai la kawaida kwamba vioo vya rangi vilikuwa Biblia ya wasiojua kusoma halitoshi basi kulieleza kanisa hili.

Si kila mtu aliridhika. Takribani mwaka 1125 Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, kiongozi mashuhuri wa Wasitersiani, tawi la wamonaki lililotafuta ukali wa mwanzo, alikuwa ameandika akishutumu makanisa ya watawa yanayong'aa kwa dhahabu ilhali maskini wako uchi. Suger alijibu bila kumtaja: kama vyombo vya dhahabu vilitumika kupokea damu ya mbuzi na ndama katika hekalu la kale, hakuna thamani itakayozidi kwa Damu ya Kristo. Kalisi yake ya jiwe la thamani la zamani, aliyoitilia fremu ya dhahabu, ipo leo Washington, na chombo cha jiwe jekundu alichokigeuza kuwa tai kipo katika makumbusho ya Louvre. Alipokuwa akitafuta vito kwa ajili ya msalaba mkubwa wa dhahabu, watawa wa abasia tatu, zikiwemo mbili za Kisitersiani, walimjia wakiuza vito walivyopewa sadaka na ambavyo kanuni zao hazikuwaruhusu kuvitumia, naye akavinunua kwa pauni 400 na kumshukuru Mungu. Hakuna haja ya kukiongezea kejeli kisa hicho.

Jengo lilijaribiwa kabla halijakamilika. Mnamo Januari 1143 Geoffroy, Askofu wa Chartres, alikuwa akiadhimisha Misa ya kumbukumbu ya Dagobert wakati dhoruba ilipoyapiga matao mapya yaliyosimama bila paa wala dari, yakayumba hewani huku na huku. Askofu akanyoosha mara kwa mara mkono wa baraka pamoja na masalia ya mkono wa mzee Simeoni kuyaelekea, na matao yakasimama ilhali majengo imara kwingineko yalianguka. Mwaka uliofuata, mbele ya Louis VII na Malkia Eleanor, maaskofu walitabaruku altare 20 kwa siku moja. Katika ibada ya zama hizo askofu aligonga mlango mara tatu kwa fimbo yake, akaandika herufi za Kigiriki na za Kilatini katika majivu yaliyotandazwa sakafuni kwa umbo la msalaba, akaipaka altare mafuta kama apakwavyo Mkristo mpya. Jengo lilitendewa kama mtu anayebatizwa. Mfalme mwenyewe alilibeba sanduku la fedha lenye masalia ya Dionisio.

Maaskofu waliorudi majimboni kwao walikuwa wameona kitu, na kabla ya karne kwisha ujenzi wa makanisa ya namna hiyo ulikuwa umeanza Sens, Noyon, Paris na Chartres. Mwishoni mwa karne ya 13 Durandus, askofu wa Mende, akakusanya katika kitabu maana ya kila sehemu ya kanisa, mawe yakiwa waamini na chokaa inayoyaunganisha ikiwa upendo, orodha kamili ambayo Suger hakuwahi kuihitaji. Mtindo huo ulipofufuliwa katika karne ya 19 ulisafirishwa na wamisionari, na matao yaliyochongoka ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, ni ya ukoo huo, ingawa yalifika pwani kama alama ya ukanisa iliyokwisha kuzoeleka, bila adha ya msongamano iliyoyazaa.

Mabadiliko yaliyofuata Saint-Denis yaelezwe kwa ufupi. Kuanzia mwaka 1231, chini ya Abate Eudes Clément, ukumbi wa kale uliondolewa hatimaye, na sehemu ya juu ya patakatifu pa Suger pamoja na zile nguzo kumi na mbili zikabadilishwa; kazi ilikamilika mwaka 1281, na kilichobaki cha mwaka 1144 ni njia ya kuzunguka, vikanisa vyake na kanisa la chini. Mwaka 1793 wanamapinduzi walifukua makaburi ya kifalme na kuitupa miili mashimoni, risasi ya paa ikang'olewa kwa matumizi ya vita, na vioo vingi vikatawanyika. Mnara wa kaskazini, ulioharibiwa na radi mwaka 1837, ulijengwa upya vibaya, ukapasuka, ukabomolewa mwaka 1846. Mipango ya kuusimamisha tena imeanza kutekelezwa katika karne hii.

Kanisa lilifanywa kanisa kuu mwaka 1966, jimbo jipya lilipoundwa kwa ajili ya vitongoji vya wafanyakazi kaskazini mwa Paris, ambako waamini wengi wana asili ya Afrika, visiwa vya Karibi na Asia. Jengo ni mali ya serikali, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dola na dini, na Kanisa lina haki ya kulitumia kwa ibada. Ukumbi wa waamini uko wazi bure, ila makaburi na njia ya kuzunguka hufikiwa kwa tiketi. Kwa utaratibu huo, sehemu ambayo Suger aliipanua ili mahujaji maskini wafike kwa Dionisio bila kukanyagana leo inatembelewa zaidi na watalii, na parokia inayosali hatua chache kutoka hapo huvitazama vioo vya mashariki kutoka upande wa pili wa kizuizi.